Majina ya Mbega Chini ya Marumaru

Nilimkuta Bi Mwanahawa amesimama mbele ya mnara wa mashujaa, anapapasa. Ametoka Kinole na unga wake wa tambiko kwenye kitambaa, kumwombea mwanawe Rajabu kama afanyavyo kila mwaka. Vidole vikateleza juu, vikateleza chini. Marumaru tupu, nyeupe, kama ya bafuni.

Nikamwamkia shikamoo. "Baba," akasema bila kugeuka, "wamemhamishia wapi?"

Kijana wa vigae alikuwa pale anafuta saruji. Nikamuuliza majina yako wapi.

"Yamo humo ndani, mzee. Jiwe lilikuwa limechoka, tumelipiga marumaru. Cheki linavyowaka!"

Mimi nimeona meli ikizama nikiwa ndani yake. Siku ile angalau nilikuwa na kazi ya kuogelea. Siku ya marumaru nilisimama tu kama gogo.

Niwarudishe nyuma, ninyi mnaojifunza uashi sasa, mjue mnara ule ulijengwaje.

Mbega ilikuwa meli ya doria ya jeshi. Wengi wetu humo tulitoka milimani huku, bahari tumeijulia ukubwani. Nahodha alipenda kututania mawimbi yakichafuka: "Waluguru, humu hakuna mgomba, mnashikilia nini?" Rajabu akamjibu, "Tunashikilia sahani, afande!" Ndivyo alivyokuwa. Meli ilipopigwa vitani, yeye ndiye aliyenisukuma nje, akarudi ndani kuwafuata wengine. Tulitoka wachache. Maiti hazikupatikana.

Nilirudi Morogoro na mguu mbovu na darasa langu la saba. Nikaenda Mafiga kuomba kazi kwa Mzee Kibwana, fundi mkuu wa mawe. Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinionyesha rundo la mawe, akaniambia niyagonge kwa kijiwe nisikilize. Jiwe zima linalia kama kengele, lenye ufa linakohoa. "Linalokohoa litupe," akasema, "hata liwe zuri kama bibi harusi."

Baadaye akanipa timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi wa kupimia kama ukuta umesimama sawa, halafu tindo, chuma cha kuchongea. Nilikuwa napiga kwa hasira, mawe yanapasuka. Akanishika mkono. "Una ugomvi na nani humo ndani? Mwenyewe hayumo." Sijawahi kufanya kazi chini ya mtu kama yule. Hakutukana fundi, na hakupokea sifa ya kazi iliyopinda.

Familia za marehemu zilipopewa kibali cha mnara, mhandisi wa wakati ule alitaka majina yapakwe rangi. Mzee Kibwana akamketisha juu ya mfuko wa saruji, akamwagizia kahawa, akamweleza. Kwetu mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama, na ukoo huo ndio unaomzika. Hawa hawana kaburi. Na mama zao wengi hawakusoma, rangi hawataijua hata iwe nyekundu namna gani.

Mhandisi akamaliza kahawa. "Chonga, mzee. Chonga mpaka kidole kizame."

Tukachonga hivyo. Kila herufi Mzee aliipitia akiwa amefumba macho, na kucha ikikwama ukingoni alinirudisha nikausawazishe. La Rajabu nililichonga mimi. Siku ya kwanza Bi Mwanahawa alishikwa mkono akaonyeshwa, na tangu hapo hakuonyeshwa tena.

Mzee Kibwana tulishamzika. Mimi mwenyewe nimeacha kazi, mguu umekataa. Nimejenga misingi, madaraja, ukuta wa kanisa na wa msikiti, lakini kazi ninayojivunia ni ile moja.

Sasa nawataja. Aliyeagiza marumaru ni mtendaji Salehe. Mgeni rasmi anakuja, yeye akaona jiwe lina kuvu, akaona aibu. Aliyebandika ni mkandarasi Deo, naye huyo ni mwashi kama mimi. Alijua gundi ya vigae ikikauka, ukibandua kigae unabandua na uso wa jiwe.

Nilimfuata Salehe ofisini. "Mzee wangu, usipandishe presha," akaniambia, "majina tutayachapa kwenye bango kubwa, la rangi kabisa."

Bango! Likipigwa jua la Morogoro, mpaka masika litakuwa limebaki matambara.

Salehe, Deo, sitaki soda zenu wala pole zenu. Waiteni akina mama wote wa Mbega, simameni mbele yao, mseme kwa midomo yenu nani alitoa ruhusa ya kuwafunika watoto wao. Kisha mseme nani atabandua vigae hivyo, na jiwe likitoka navyo, nani atachonga upya. Tindo ninayo. Jibu ndilo sijalipata.