Kompyuta Iliyozimwa Ijumaa

Mume wangu aliongoza kwaya ya kanisa letu hapa Kisegi mpaka alipofariki, na mazoezi yao alikuwa akiyarekodi. Mjukuu wangu wa kike, ambaye ni fundi wa kompyuta, aliziweka sauti hizo kwenye kisanduku cha diski katika ofisi ya kanisa. Waya unatoka hapo hadi kompyuta ya ukumbini. Mwaka ulipotimia kanisa likapanga kumkumbuka siku ya Sabato. Nilitaka asikike. Sikutaka kingine.

Alhamisi mjukuu akaja kuiwekea ile kompyuta kuukuu kiini kipya, yaani programu ya ndani kabisa inayoendesha zingine zote. Alipitia orodha ndefu ya vipengele vyake, mstari kwa mstari, akiweka alama kwenye vya kubaki na kuondoa vingine ili mashine iwe nyepesi. Ijumaa mchana akaiwasha. Kisanduku cha diski hakikuonekana kwenye kioo.

“Dana,” akasema, maana ndivyo anavyoniita, yaani bibi kwa Kijaluo, “niliondoa mstari wa diski zinazosomwa kupitia waya. Nilidhani hautumiki.”

“Rudisha kiini cha zamani.”

“Nilishakifuta.”

“Wewe! Unabomoa jiko kabla hujaezeka lingine? Utapikia wapi, kichwani?”

Akacheka, akaweka ile alama, akaanza kukijenga upya. Maandishi yakamwagika kwenye kioo kama dagaa wa omena wanaoanikwa. Saa kumi na mbili na nusu yalikuwa bado yanamwagika, na jua linatua, Sabato inaingia.

“Zima,” nikamwambia.

“Dana, mimi sifanyi kitu tena. Inafanya yenyewe. Kesho asubuhi itakuwa tayari.”

“Amri ya kupumzika Sabato imemtaja hata ng'ombe. Zima.”

“Na babu je?”

“Babu yako angeizima kabla yangu.”

Akazima, mdomo ameuvuta.

Sabato tukaimba wenyewe. Niliumia, siwezi kudanganya. Kila mara waimbaji wa besi walipoingia nilisikia pengo. Lakini sikujuta, na chakula nilikula vizuri.

Jumapili asubuhi akaanza tena tangu mwanzo. Alasiri kisanduku kikaonekana. Tulikuwa wawili tu ukumbini. Kwanza kikasikika kikohozi, halafu mume wangu mwenyewe: “Alto, mnalala? Rudieni!”

Mjukuu akashtuka. “Dana, alikuwa mkali hivi?”

“Hapo amefurahi,” nikasema, nikavuta kiti karibu.