Broka wa Kipande cha Sita

Karatasi ya chokoleti ikifunguliwa hulia kwa namna yake, chwarachwara, kama panya mwenye adabu. Nikiisikia, hata katikati ya somo la hesabu, shingo hugeuka yenyewe. Mwalimu hudhani natafuta mtu wa kunakili kwake. Hapana, mwalimu. Namkumbuka Kukhu.

Kukhu ni nyanya yangu, mkulima wa kahawa huko Bungoma. Nilipokuwa na miaka minane alikuja kwetu Kangemi kutibiwa goti, na Jumapili moja Shangazi akaja kumsalimia. Shangazi aliuza chokoleti katika duka dogo huko Spring Valley, na alinukia kazi yake. Ukimkumbatia, unashindwa kumwachilia. Alituletea bamba moja la vipande sita vikubwa. Juu ya karatasi palikuwa na picha ya mama wa Ghana, kilemba kichwani, amekumbatia tunda la kakao ambalo mimi niliapa ni papai lililougua.

"Hii si kama zile za kiosk," Shangazi alitueleza. "Hapa mkulima analipwa vizuri, na watoto wake wako shule. Ndiyo maana picha yake iko hapo."

Kukhu akaguna. "Hata sisi wa kahawa tuliambiwa hivyo."

Kwetu kuna sheria ya mezani: anayekata huchagua mwisho. Nikapewa kisu. Tulikuwa watano: Kukhu, Shangazi, Mama, dada yangu Nekesa na mimi. Vipande sita. Nilikata kwa uadilifu wa askofu, nikachagua mwisho, kisha mkono wangu ukaanza safari ya pili.

"Wewe! Hicho ni cha nani?" Kukhu aliuliza.

"Kimebaki tu, Kukhu."

"Hakijabaki. Mwenye shamba hajala."

Akakiweka juu ya ile picha, kabatini. Wengine wakatoka kumsindikiza Shangazi stejini; Kukhu na goti lake akapita nyuma ya pazia kulala. Nikabaki na yule mama wa Ghana. Tukatazamana. Nawaambia ukweli, nilipambana. Nilihesabu hadi ishirini, nikala kona tu, kisha kona ikataka wenzake.

"Nisamehe, mama," nikamnong'oneza. "Ghana ni mbali."

Kukhu alipotoka aliitazama karatasi tupu. "Kipande kiko wapi?"

"Mwenyewe alikuja kukichukua," nikasema, chokoleti imenipaka hadi puani.

Hakunichapa. Alicheka kidogo, bila furaha. "Kumbe nina mjukuu broka."

Nilivyofurahi! Broka! Lilisikika kama cheo, kitu kati ya daktari na rubani. Nikaliandika kwenye madaftari yote, na darasani waliponiuliza maana, nikawaambia ni jina la machifu wa kwetu. Tangu siku ile Kukhu hakuniita Wafula tena, ila Broka tu.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, likizo ya Desemba, nilikwenda Bungoma kumsaidia kuchuma kahawa. Asubuhi moja ikaja pikapu yenye mizani nyuma. Mama jirani akasonya: "Broka huyo!"

Mimi nikaitika, "Naam!"

Shamba zima lilicheka. Kukhu alicheka hadi akakalia gunia. Kisha nikatazama. Mizani ya yule bwana ilikuwa na ugonjwa: gunia lililotuvunja mgongo watu wawili, kwake lilikuwa jepesi kama mto wa kulalia. Hakuwahi kupalilia hata shina moja, lakini bei aliitaja yeye, na Kukhu akakubali kwa kunyamaza, kwa sababu mnunuzi mwingine hakuwepo. Nilimjua yule mtu. Alibakisha tu kupakwa chokoleti midomoni.

Agosti hii Kukhu amekuja tena. Siku hizi hangoji pikapu. Yeye na majirani wana ushirika, wana mizani yao, na mkahawa mmoja katikati ya jiji hununua kwao moja kwa moja. Tulimpeleka akaionje kahawa yake. Akameza funda moja, akakunja uso: "Miaka yote nilikuwa nauza dawa ya minyoo?" Lakini gunia lenye jina la ushirika wao, lililotundikwa ukutani, alilipapasa mara mbili.

Tuliporudi nyumbani, Shangazi akafika na bamba lingine. Nikakata, nikachagua mwisho, na kile cha sita nikakiweka mwenyewe juu ya picha, kisha nikaificha mikono mfukoni, maana naifahamu. Kukhu alimtazama yule mama wa Ghana kama mtu amtazamavyo jirani. Akakichukua kipande, akaniwekea kiganjani.

"Huyu alishapata chake. Sasa naamini," akasema. "Kula, Wafula. Ghana ni mbali."

Kumbe siku ile, nyuma ya pazia, hakuwa amelala. Alisikia kila kitu, hata nilivyoomba msamaha kwa kunong'ona, akanipa jina na kuningoja nikue nifikie maana yake.

Nilikila polepole. Sitasema kilikuwa kitamu kuliko kile cha wizi, kwa sababu Nekesa atasoma hapa na kuanza kuniita mchungaji. Nasema tu kwamba Kukhu aliniita Wafula.