Uzi Mweusi wa Bibi Kwenye Mashine ya Vyombo

Sisi tuliokulia Njinjo kabla ya nguzo za umeme hatukujua kwamba kuosha vyombo ni kazi inayoweza kuharibika. Ulipewa majivu, kipande cha kumbi la nazi na sufuria yenye masizi, ukaelekezwa nyuma ya jiko. Majivu yakiisha ulichota mchanga. Ukoko ukigoma kutoka, hapakuwa na fundi wa kuitwa. Ubovu ulikuwa mkononi mwako, na Bibi alikwambia hivyo bila kuzunguka.

Wenzangu wa rika langu, hasa mliokuwa wasichana, mnayakumbuka majivu ya asubuhi yakiwa bado na joto kidogo, masizi yaliyojificha kwenye kucha hadi darasani, kuku aliyenyemelea punje za wali huku wewe umeshika sufuria kwa mikono miwili. Mnakumbuka kichanja cha miti ambako vyombo vilikauka juani, na ole wako mbuzi akipita hapo. Kaka yangu Rashidi saa hizo alikuwa kwenye mpira wa matambara au mto Matandu. Nilipouliza kwa nini yeye haoshi, Bibi alinijibu, "Maswali yako yangekuwa majivu, sufuria za kijiji kizima zingeng'aa." Nimesoma hadi chuo kikuu na jibu lenyewe bado sijapewa.

Binti wa Rashidi leo huipiga picha sahani kabla ya kula, na akishakula haioni tena. Ukimpa kikombe kimoja aoshe, anataka sponji, glavu na muziki. Namcheka, lakini simlaumu. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyesugua sufuria kwa furaha. Wanaosema tulifurahia, nadhani walikuwa mpirani.

Kilichonivutia mimi ni nyuzi. Kukiwa na harusi au hitima, vyombo vya nyumba moja havikutosha, basi majirani waliazimana. Ili visichanganyike, kila nyumba ilifunga uzi wa rangi yake kwenye shingo ya kijiko na kwenye mkono wa kikombe. Jirani yetu Bi Somoe alikuwa na kijani. Nyumba ya karibu na msikiti walifunga nyekundu. Wa kwetu ulikuwa mweusi, ambao Bibi aliufumua kwenye buibui lake kuukuu. Jua likikaribia kuzama, sisi watoto tulitumwa kurudisha, na kila bakuli lilikwenda na chakula kidogo ndani. "Chombo cha watu hakilali kwako," Bibi alisema. Kijiko kimoja kikipotea, jina la nyumba lilipotea nacho, na mwenye shughuli aliyefuata aliwaza mara mbili kabla ya kukuazima.

Sasa Rashidi anafanya kazi Dar, na ndiye aliyemletea Mama mashine ya kuosha vyombo, ya mtumba. Sababu ilikuwa ya maana. Mikono ya Mama ilipasuka kwa sabuni na zahanati walimkataza kuloweka vidole kila siku. Tulipandisha tangi la maji juu ya matofali, tukavuta bomba, mashine ikakaa jikoni kando ya mafiga. Mama aliizunguka, akauliza, "Chombo nisichokiona kikioshwa, nitajuaje kimeoshwa?" Hapo nilijua ugonjwa wangu wa maswali nimeurithi kwa nani.

Mwaka huu tulimsomea Bibi hitima. Mama aliazima vyombo kwa majirani, kama alivyofanya Bibi, na watu wakala wakaondoka. Alipokunja mikono ya gauni kwenda karaini, Rashidi alimzuia. Akakusanya vikombe na vijiko vyote, akavijaza kwenye mashine, akabonyeza.

Alasiri tulifungua mlango tukakuta vyombo vina mafuta na maji machafu yametulia chini.

"Mota imeungua," Rashidi akasema. "Imekufa hiyo."

"Ikiwa imekufa, inanguruma kwa nini?"

"Umeanza."

Lakini lilikuwa swali la haki. Mashine isiyotoa maji ina mambo machache ya kukaguliwa, na mota ni la mwisho. Nilichomoa waya ukutani kwanza. Nikachota maji kwa kikombe, nikayamalizia kwa tambara. Nikakagua bomba la maji machafu kwa nyuma, halikujikunja. Nikatoa ule mkono unaozunguka na kurusha maji. Vitundu vyake vilikuwa vimeziba chokaa, maana maji ya kisima chetu huacha ukoga mweupe hata kwenye birika. Hilo lilieleza mafuta, ila halikueleza maji kukwama. Niliulaza mkono kwenye siki, baadaye nikavizibua vitundu kwa pini.

Kisha nikatafuta chujio pale chini. Halikuwapo.

"Nililitoa," Rashidi akasema. "Lilikuwa linabana maji."

"Kazi yake ni kubana, kaka. Linabana uchafu usiende kwenye pampu."

Chini ya shimo la chujio kuna kifuniko kidogo, na ndani yake pangaboi ndogo inayosukuma maji nje. Haikuzunguka. Niliingiza vidole nikavuta, kikatoka kifundo cha nyuzi: kijani, nyekundu, bluu, na mmoja mweusi, zote zimejisokota pamoja. Maji ya moto yalikuwa yamelegeza mafundo, na kwa kuwa chujio halikuwapo, nyuzi zilikwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Pangaboi ikazunguka kwa kidole changu. Nilifurahi, nikanyanyua mkono nitupe kile kifundo nje.

"Usitupe," Mama akasema.

Alikuwa anatazama vyombo. Ndipo na mimi nikaona. Vijiko vyote vilitoka duka moja la Nangurukuru, na vikombe vyote vyeupe vina ua lile lile. Nyuzi nyingi hazikuwapo tena. Mashine ilikuwa imepona, na vyombo havikuwa na wenyewe.

"Watu waliniamini vyombo vyao," alisema taratibu. "Jua linazama. Nitawapelekea nini?"

Alikaa kwenye mkeka, akatia kifundo kwenye sinia na kuanza kukifumua kwa vidole vile vilivyopasuka. Mimi na Rashidi tuliwasha mashine tena, safari hii chujio likiwa mahali pake na nyuzi zilizobaki kwenye vyombo nimezikata zisizibe tena, nikampa Mama. Bi Somoe alikuja mwenyewe kabla hatujampelekea.

"Mama Rashidi, nasikia vyombo vyetu vimevuliwa nguo."

"Vimevuliwa, dada. Nguo zao hizi hapa. Kila mtu achukue kwa hesabu ya nyuzi zake, fupi za vijiko, ndefu za vikombe."

Bi Somoe akageuza kikombe juu chini. "Na hiki ni changu?"

"Sijui. Kina ua kama chako."

Nilimwona Mama ameshusha macho. Bi Somoe akavuta nyuzi za kijani upande wake. "Basi. Sote tulimlilia Bibi mmoja, tutashindwa kunywea vikombe vya wenzetu?" Akachukua vyake, na bakuli la pilau juu.

Wengine wakaja, wakachukua. Mwishoni sinia lilibaki na uzi mmoja mweusi, na kijiko kimoja. Mama hufunga uzi wa Bibi kwenye kijiko kimoja tu siku hizi, kile Bibi alichokuwa akikorogea uji.

"Si lazima kiwe chenyewe," nilisema. "Chake huenda kimekwenda kwa Bi Somoe."

"Huenda," Mama akasema, akaufunga.

Zamani uzi ulitwambia chombo ni cha nani, na kazi ya kukisugua ikawa ya msichana. Leo mashine inasugua bila kumuuliza mtu jinsia yake, na silitaki lile karai lirudi. Tulichopoteza ni kidogo, hakizidi uzito wa kijiko kimoja. Asubuhi iliyofuata nilikorogea uji kwa kijiko kile, nikakiosha kwa mkono, kwa majivu, nikakianika juani. Sikumuuliza mtu kwa nini.