Lami Mbele ya Mlango Wetu

Juzi niliona mtambo ukishindilia lami mpya, harufu ikanirudisha kwetu Mwankoko, enzi za ruksa, biashara huria ilipoanza, mchana mama aliposhikwa na uchungu. Mbele ya mlango lami ilifuka moshi, na nyuma ya nyumba yalikuwa majabali matupu.

"Baba, simama tupite, mwenzetu ana uchungu!" shangazi alimlilia dereva wa mtambo.

"Itawaunguza, mama. Na ikipoa kabla sijaishindilia, itamomonyoka yote."

Akaendelea kwenda na kurudi, kuta zikitetemeka. Sikujua lami hushikana ikishindiliwa ingali ya moto. Niliamini anatufungia ndani makusudi.

Alipozima mtambo, mdogo wangu alikuwa ameshazaliwa.

"Mama mzima?" dereva aliita.

"Wote wazima," shangazi alimjibu.

Ndipo dereva akaketi vumbini, akamshukuru Mungu.