Nyumba ya Ouma Kisiwani

Siku tuliyomvusha kaka yangu Ouma kwenda kuzikwa kisiwani, mwanangu, naikumbuka hata leo. Nilikuwa kijana kama wewe, nguvu tele na mdomo mwingi.

Mimi na Ouma tulikuwa mafundi wa vitanda karibu na soko la Toi, hapa Nairobi. Kwetu ni kisiwa kidogo cha ziwani, na usishangae, watu wamebanana huko kuliko hapa Kibera, mtaa wetu wa Soweto West. Wote wanaishi kwa omena, wale dagaa wa ziwani. Wanaume huvua, wanawake huanika ufukweni, na mahali pa kuanika hupewa mwanamke mwenye nyumba kisiwani. Huna nyumba, huna pa kuanika. Mkewe Ouma, Atieno, alimsihi kila Krismasi, "Baba Achi, tujengee hata chumba kimoja. Hapa Kibera nitazeekea wapi?" Ouma anacheka tu. "Nijenge wapi, juu ya mgongo wa samaki mbuta? Kwetu ni hapa bana!" Nami nacheka naye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hata huo ufa hatukuuona.

Akaugua kifua, akatutoka.

Tulipofika na jeneza, baba yetu mkubwa, Mzee Okelo, alikuwa amesimama pale mashua zinapofikia. Hata pole hakutupa. "Huyu hana nyumba," akasema. "Asiye na nyumba ni mgeni, na mgeni hazikwi bomani. Jengeni kwanza, ndipo aingie." Ni desturi yetu, siikatai. Lakini kiwanja alichotengewa Ouma pale bomani, nani aliwapa wavuvi wa kutoka mbali? Si huyo huyo Okelo, akiletewa samaki kila asubuhi! Nilitaka kumjibu, Atieno akanishika mkono. "Shemeji, jenga. Nipate pa kukaa."

Basi nikajenga kwenye kipembe kilichobaki bomani. Ndugu yangu amelazwa kivulini kando ya omena zilizoanikwa, nami napigilia mabati ya kuazima kwenye miti mibichi. Nyanya yetu akaja na mkongojo wake, akautazama mlango, akanitazama mimi. "Nyinyi mafundi. Watu wa Nairobi mmewapa pa kulala, ninyi kwa ninyi mnangoja mtu afe?" Nikaendelea kupigilia misumari.

Tukamzika. Atieno akafagia kile kibanda, akapanga mafiga, akaniambia harudi Nairobi, ataanika omena asomeshe watoto. Nilifurahi, nakwambia ukweli. Matanga yalipoisha, Okelo akaja na vijana. "Mabati wenyewe wanayataka. Hii ilikuwa nyumba ya maziko, na maziko yamekwisha." Wakaibomoa Atieno akiwa ndani anapika. Hakulia. Akaumwagia moto maji, akawavisha watoto viatu, tukavuka.

Sasa mimi mwenyewe ni mzee, kwa hiyo naweza kusema: si kila mwenye mvi ana hekima, wengine wana mvi tu. Desturi mkononi mwa mroho ni rungu. Lakini rungu hilo ni Ouma aliyemwachia, kwa mzaha wake, na mimi nikimchekea. Hilo ndilo linaloniuma.

Jenga ungali hai, mwanangu. Iwe kwenu ni ziwani, iwe Kitui, iwe hapa hapa Kibera. Chumba kimoja kinatosha. Kisha mpeleke mkeo mbele ya wazee, useme wakisikia kwamba hapa ni pake. Maneno ya marehemu hayana shahidi. Na mzee akikutajia desturi, itii, lakini kwanza angalia nani anashiba kwayo.

Atieno yuko pale Toi. Anauza omena za kisiwa kile kile, zilizoanikwa na wanawake wengine. Ukipita, nunua kwake, ila usimwulize kwao ni wapi.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu. Na siku ukiondoka, mkeo asiambiwe na mtu atoke.