Sanduku la Bati la Chatu wa Mjomba

Kilindo cha mjomba Gunda kilikuwa kinanuka ganda la mti lililozeeka, mchanga wa mtoni, na ile harufu ya nyoka ambayo siwezi kuifananisha, labda na tango lililokatwa likasahauliwa. Kilindo ni pipa la ganda la mti, sisi Wanyiramba tunahifadhia mtama, lakini mjomba, kaka yake mama, alimfugia humo chatu mdogo wa kuchezea ngoma baada ya mavuno. Ngoma hiyo aliitoa kwa Wasukuma ng'ambo ya mbuga ya Wembere, na maneno aliyoyatoa huko ni mengi, mengine hayafai kuandikwa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, darasa la pili, na ndilo nililoishia. Kazi yangu ilikuwa kumhudumia huyo chatu, nami nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, nasema kweli tu.

Kumchagulia nyoka makazi si jambo la kubahatisha. Mjomba alikuwa anasema nyoka hana moto wake mwilini, anaazima. Kwa hiyo kilindo alikilaza kando ya ukuta wa tembe, upande mmoja ukigusa pale ambapo nyuma yake kuna jiko, upande wa pili ukiwa wa baridi, chatu achague mwenyewe. Ndani kulikuwa na mchanga, chungu kilichovunjika cha kujifichia, na bakuli zito la maji asiloweza kulipindua. Kifuniko kilifungwa kwa kamba ya ngozi, maana chatu akipata upenyo wa vidole viwili huyo kaondoka. Na kabla ya kumwingiza mnyama mahali popote, mjomba alitia mkono wake humo saa sita mchana, akakaa, akanusa ugoro wake taratibu kwa mkono wa pili. "Mkono ukiomba kutoka," aliniambia, "naye ataomba, ila yeye hana mdomo wa kuombea." Mjomba alifuga na kenge pia, naye alikuwa na shimo lake refu lililozungushiwa mawe, kwa sababu kenge asipochimba anaugua.

Halafu likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa. Lori lilifika asubuhi, mgambo wakabomoa paa la tembe ili tusirudi. Kenge alichimba akapita chini ya mawe siku hiyo hiyo, na mjomba akasema, "Huyu peke yake ndiye aliyekataa kuhama." Watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Kilindo hakikupata nafasi kwenye lori. Chatu alisafiri ndani ya gunia mapajani mwangu. Huko tulikopelekwa ni uwanda mtupu, nyumba zimepangwa mstari, ukitoka mlangoni unatazamana na mlango wa mwenzako, na ukitaka kwenda mahali uombe ruhusa. Mjomba aliomba akachukue kilindo chake. Hakupewa.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kukagua kijiji.

"Mzee Gunda, huyo mdudu wako auawe au afungwe."

"Mmeshanifunga mimi, balozi. Sasa na nyoka?"

"Usinitafutie kesi, mzee mwenzangu. Nataka kuona kitu chenye kufuli."

Mjomba alishinda shamba la kijiji tangu alfajiri, basi kazi ya kutafuta ikaniangukia mimi. Nikachagua sanduku la bati la mama, la kuwekea kanga. Miaka ile bati lilikuwa mali, nikaona namheshimisha chatu. Nikalitoboa matundu kwa msumari, nikatia mchanga, maji na kipande cha chungu, nikatia na mkono kama nilivyofundishwa, ila niliutia asubuhi, wakati wa ule upepo wa baridi wa kwetu. Mkono haukuomba kitu. Balozi akaligonga sanduku kwa fimbo, akaridhika, akaamuru likae nje mbele ya nyumba alione akipita. Nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni.

Wageni walichelewa. Tulipangwa watoto wote barabarani kuwaimbia, jua likapanda, likasimama utosini. Nikahisi nyayo zinaungua, ndipo akili ikanijia.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikafungue."

"Ukafungue nini?"

Niliogopa kusema nyoka. Nikasema, "Mlango."

"Mlango hauna miguu. Imba."

Nikaimba. Wenzangu walikuwa wananitazama kwa sababu nilikuwa nalia kwenye wimbo wa furaha. Tulipoachiwa nikakimbia, bati likaniunguza vidole nilipoligusa. Chatu alikuwa amesukuma pua kwenye tundu la msumari mpaka ngozi ikachunika, na alikuwa amekufa.

Mjomba alirudi jioni na jembe begani. Akamnyoosha chatu mchangani, akamtazama.

"Ulitia mkono?"

"Nilitia, mjomba."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia. Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Akachimba shimo kwa jembe lile lile, na ngoma hakuicheza tena mpaka anakufa.

Kijiji kile ndicho kwetu sasa, sikisemi vibaya. Kina bomba, kina zahanati, wanangu wamesoma hapo kunizidi mimi, na nyumba yangu imeezekwa bati. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini sisi mbachao hatukuuacha, tulinyang'anywa, na msala nao tukauzoea. Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kunisalimia. Ameajiriwa mahali wanapofuga nyoka na mijusi ili watu waje kutazama. Akanieleza vizimba vyao: vioo, taa ya joto upande mmoja, kivuli upande wa pili, kipimajoto ukutani. Nikafurahi, maana ni yale yale ya mjomba, ila yana umeme.

"Taa ikizidi moto mchana, nani anafungua?" nikamuuliza.

"Funguo anazo bosi, bibi."

"Na bosi anakaa wapi?"

"Mandewa, mbali na pale kazini. Huwa anakuja jioni."

Nilikuwa nimeshampakulia ugali na mlenda. Nikaufunika, nikamwambia arudi kazini sasa hivi akaombe ufunguo wa pili, chakula atakikuta.