Mtu Aliyelala Hachorwi

Nilipokuwa mtoto nilimchora mjomba wangu akiwa amelala, na kwa miaka mingi baada ya hapo niliamini kwamba ni mimi niliyemharibia figo. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia hivyo. Waliniacha tu niamini, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Tuliishi Al Wakrah, mji ulio kusini ya Doha, baba, mama na mimi, katika fleti ambayo kiyoyozi chake kilidondosha maji kwenye ndoo ya bluu tuliyoimwaga kila asubuhi. Mama alikuwa nesi. Baba alifanya kazi za kompyuta ofisini. Mjomba Wafula, mdogo wake mama, alikuwa mlinzi wa lango kwenye eneo la ujenzi, na kulala alilala kwenye kambi ya wafanyakazi, kule Sanaiya kwenye gereji na karakana. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Ijumaa alikuja kwetu. Alifika amenyoa ndevu na kunyoosha shati, akala ugali na sukuma wiki ambayo mama aliitafuta kwa shida sokoni, akaniuliza habari za shule, na kabla sijamaliza kumjibu alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, soksi bado miguuni.

Hapo ndipo nilipojifunzia kuchora watu. Baba hakutulia, mama hakukaa. Mjomba peke yake ndiye aliyeniachia uso wake mchana mzima. Nilichora pua yake, nikaifuta, nikaichora tena. Niligundua kwamba shavu la mtu aliyelala huteremka upande mmoja, na kwamba mkono ukining'inia nje ya kochi vidole hujikunja vyenyewe. Nimefundishwa na walimu wengi tangu siku zile, lakini hakuna aliyenifundisha kama lile kochi.

Mwaka mmoja Kukhu alikuja kututembelea kutoka Bungoma. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Mama na Mjomba wote walikuwa wanawe. Ijumaa yake ya kwanza alinikuta nimekaa sakafuni na penseli, akasimama nyuma yangu, kisha akanishika bega.

"Nekesa, mtu aliyelala hachorwi," alisema. "Roho yake imetoka kutembea. Ukimchukulia uso ukauweka kwenye karatasi, ikirudi itaingilia wapi?"

Jioni nilimwuliza mama. Akasema hayo ni mambo ya zamani, nimheshimu tu Kukhu, nisichore mbele yake. Basi nikawa nachora nikiwa nimejibanza kwenye mlango wa chumba changu, nikimchungulia Mjomba kwa mbali. Sikuona ubaya.

Halafu likaja joto la mwezi wa nane, na siku moja Mjomba akaanguka pale langoni. Walimfikisha hospitali akiwa hajitambui. Mama aliipata habari akiwa kazini, akaenda huko moja kwa moja. Mimi nilibaki na Kukhu, ambaye hakulia. Aliingia chumbani kwangu, akafungua droo, akatoa michoro yote ya Mjomba, akaipeleka jikoni akaichoma kwenye sinki. King'ora cha moto kikalia jengo zima. Mlinzi wa jengo akapanda ngazi mbio, na baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akamwomba radhi akisema ni chapati zilizoungua. Baba alijua si chapati. Aliziona karatasi. Hakuniuliza kitu, wala hakumwuliza Kukhu kitu.

Mjomba hakufa. Alilazwa muda mrefu, akatoka na figo zilizokwisha nguvu, akarudishwa Kenya na sanduku lake. Lakini habari ya michoro ilikuwa imemtangulia. Shangazi mmoja wa mama alipiga simu kutoka nyumbani, akataka kuongea nami, akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyemchora. Nikasema ndiyo. Simu ilikuwa kwenye spika. Baba alikuwa pale, mama alikuwa kando yangu kwenye lile kochi. Mama aliangalia mikono yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa aliulizwa mbele ya watu wazima kama ni yeye aliyemwangusha mtu, akajibu ndiyo, na watu wazima hao, mmoja wao nesi, wakanyamaza. Nimejaribu kuligeuza jambo hili kila upande ili lipungue ukubwa. Halipungui.

Sikuchora mtu tena. Nilichora viatu, masufuria, vitanda vilivyotandikwa, milango. Nikawa hodari sana wa milango. Ndiyo iliyonipeleka hadi chuo cha sanaa, hapa hapa Doha, ninakosoma sasa. Mwaka wa tatu tukaambiwa kila mmoja abuni mradi wake mwenyewe, na hapo milango ikaniishia.

Wasiosoma sanaa hudhani wazo humjia mtu akiwa amekaa. Mimi nililitafuta kwa miguu. Nilikwenda makumbusho, nikakaa mbele ya vyungu vya kale mpaka walinzi wakanizoea. Nilipiga picha nyumba zinazojengwa Al Wukair, jirani na kwetu. Nilijaza kurasa, nikazipasua. Mwalimu wetu wa studio, Rima, mwanamke mpole kutoka Lebanoni, alipanga kazi zangu sakafuni, akazizunguka, akasema kwamba katika kila chumba nilichochora kuna mtu ametoka sasa hivi. Akaniuliza ni nani huyo aliyetoka.

Nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsimulia mtu yeyote. Nilipomaliza, uso wa Rima ulikuwa umechangamka. Alisema hilo ndilo wazo langu: bibi wa Kiafrika, roho inayopotea njia. Akanishauri niifuate roho hiyo, nitumie vinyago, moshi, labda na sauti ya ngoma. Alisema huo ndio urithi wangu.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Kwanza, Bungoma sijawahi kuona kinyago nyumbani kwa mtu. Lakini hasira ilikuwa na mzizi mwingine, na ilinichukua siku kadhaa kuuona. Nilikuwa nimesimulia habari ya mtu aliyeanguka kazini, na aliyenisikiliza hakuuliza alianguka kwa nini. Kisha nikatambua kwamba hata mimi sikuwahi kuuliza.

Nikampigia Mjomba. Anafuga kuku sasa, na siku za kliniki ya figo hasafiri popote. Tulikuwa tukisalimiana sikukuu tu, nami kila mara niliharakisha kumpa mama simu. Safari hii nilimwuliza siku ile ilikuwaje.

Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Lango lile halikuwa na kibanda wala kivuli. Mafundi walipumzishwa saa za jua kali, lakini lango lilitakiwa liwe na mtu. Aliomba mwavuli, msimamizi akamwambia mlinzi mwenye mwavuli anaonekana mzembe. Maji yalikuwa upande wa pili wa eneo, na kuondoka langoni hakuruhusiwa. Kabla ya kuanguka alikuwa ameanza kupata mkojo mweusi kama chai ya rangi. Alimweleza mama. Mama akamwambia aombe ruhusa aende hospitali upesi. Aliomba, akanyimwa.

"Mama alijua?" niliuliza.

"Wote walijua. Kwani wewe hukuambiwa?"

Nikamwambia nilichokuwa nikiamini tangu utotoni.

"Nekesa," akasema, "kule kambini tulijaa chumbani, kila mtu analala jicho moja wazi. Kwenu ndiko nilikolala. Nilijua uko pale na penseli yako, unaniangalia. Ndiyo maana usingizi ulikuja."

Mama nilimkuta chumbani kwake akikunja nguo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema machache.

"Ulijua ni jua. Wewe ni nesi."

Akaketi kitandani. Alisema kampuni ya Mjomba iliwaambia kwamba kukiwa na kelele yoyote atapandishwa ndege na ugonjwa wake. Alihofia matibabu ya mdogo wake, akahofia kazi yake na ya baba. Tena watoto husema mambo shuleni. Mtoto anayejua kwamba mjomba wake alisimamishwa juani bila maji, siku moja atamwambia mwalimu.

"Na mtoto anayedhani ni yeye?" nilimwuliza.

Hakujificha. Hilo nampa. Alinitazama usoni.

"Huyo hasemi," alijibu. "Niliona hivyo, Nekesa. Niliona hasemi, nikaacha."

Nilikaa siku nyingi bila kuongea naye, na katika siku hizo ndipo nilipoanza tena kuchora watu. Nilianza na Mjomba, kwa kumbukumbu. Michoro ya kwanza ilikuwa mizuri mno. Alionekana kama malaika kwenye wingu, nikaitupa. Ijumaa nikawa nakwenda kwenye nyasi karibu na ufuo wa Al Wakrah, ambako wafanyakazi hujinyoosha wakingoja mabasi ya kampuni. Niliwaomba ruhusa wakiwa macho. Wengine walikataa, nikaondoka. Mlinzi mmoja Mganda alikubali kwa sharti nimpigie picha mchoro ukiisha, amtumie mkewe. Polepole nikaanza kuelewa nilichokuwa nikitafuta: namna mwili unavyoanguka ukipewa ruhusa ya kuanguka. Nikawachora kwa ukubwa wa kimo cha mtu mzima, kwa mkaa. Nilipowatundika ukutani walisimama wima, na kusimama ndiko kulikomwangusha Mjomba. Nikawashusha wote, nikawalaza sakafuni.

Rima aliuliza roho iko wapi katika kazi hii. Nikamwambia humu hamna roho, mna jua. Nadhani nilisema kwa ukali. Akavua viatu ili asikanyage karatasi, akanisaidia kuzinyoosha.

Mama alikuja kwenye maonyesho akiwa na sare ya kazi. Alipita kati ya wale watu waliolala, akasimama miguuni pa ndugu yake. Mgeni mmoja aliyekuwa karibu akauliza, kwa Kiingereza, kama mtu huyu amelala au amekufa.

"Amelala," mama akajibu kwa Kiingereza hicho hicho, na sauti yake ikafika kila pembe. "Ni mdogo wangu. Walimsimamisha juani mpaka figo zikafa, na mimi nikanyamaza."

Mama alirekebisha kitambulisho chake kifuani, akanigusa mkono, akarudi zamu.

Kukhu alifariki nikiwa sekondari, akiamini vile alivyoamini. Yeye sina hasira naye. Alimwona mwanawe amelala usingizi usio wa kawaida, akajua yumo hatarini, akaitaja hatari hiyo kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Wengine walikuwa na lugha nyingine, walijua jua ni nini na figo ni nini, wakaona afadhali yabaki maneno ya bibi kizee na kosa la mtoto. Yule msimamizi simjui hata jina. Mama nimemsamehe, siku nyingi za wiki.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huniuliza wazo lile nililipata wapi. Huwa nawaambia watembee, wachore, wapasue, waulize maswali, na yote hayo ni kweli. Siwaambii kwamba langu lilikuwa limefunikwa kwa ukimya wa watu wanaonipenda kuliko wote. Hilo bado sijui nilichore vipi.